Habari Aliyoichelewesha Swabra

Ukimwona Swabra amesimama mlangoni pako na chupa ya chai mkononi, ujue umefiwa. Wakenya wa London wote walilijua hilo. Walikuwa wakimchungulia dirishani kwanza, na wakiiona ile chupa nyekundu, wengine walianza kulia kabla hajabisha hodi. Njeri, muuguzi wa Stratford, aligoma kabisa kumfungulia. Alizungumza naye kupitia tundu la barua, "Sema ukiwa hapo hapo nje, mimi sifungui," mpaka Swabra akaketi kwenye ngazi, akamngoja. Bi Pushpa wa Kingsbury, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, yeye alimfungulia vizuri, akamkalisha, akamtazama akimimina chai ya tangawizi, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha zamani, "Nani, Swabra? Kaka yangu?"

Kazi hiyo hakuna aliyempa. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kutunza wazee wa Kizungu majumbani mwao, kuwaosha, kuwavisha, kuwapa dawa, nyumba hadi nyumba. Hii nyingine ilimwangukia tu. Miaka mingi nyuma, alipokuwa mgeni London, binamu yake alimpigia simu, naye Swabra yumo ndani ya basi Harlesden, amesimama, ameshika mfuko wa vitunguu. "Swabra, babako kashafariki, twazika baada ya alasiri." Simu ikakatika. Swabra alishuka kituo asichokijua, akakaa juu ya ukuta mfupi wa nyumba ya watu, vitunguu miguuni, mpaka mwenye nyumba akatoka kumuuliza anataka nini. Akaapa pale pale kwamba maadamu yeye yuko mji huu, hakuna mtu wa kwao atakayepashwa msiba akiwa amesimama.

Akajiwekea taratibu zake. Mtu akalishwe kwanza. Ale kitu, hata kama ni hamri moja. Awepo wa kumshika. Na habari yenyewe ije kwa vipande: mzee anaumwa, mzee amezidiwa, halafu unanyamaza na kuinamisha kichwa, na mwenyewe anamalizia. Huko Mombasa, Malindi na Kisumu watu wakaanza kuambizana, "Mtafuteni Swabra, yule ajua kusema." Namba yake ikapita mikono mingi kuliko yeye mwenyewe alivyojua.

Sifa hiyo ilikuwa na bei yake. Harusi hakualikwa bila kuombwa aje mikono mitupu. Alikuwa akikutana na mtu dukani, mtu anamsalimu huku macho yako kwenye mkoba wake. Yeye alijifanya kucheka, lakini mambo hayo yalimuuma, na jioni nyingine alijiuliza kama kuna mtu katika mji huu mkubwa anayefurahi kumwona.

Alikuwepo mmoja, naye ni Barke.

Barke alikuwa shoga yake wa tangu utotoni, wa kichochoro kimoja Kibokoni, Mombasa. Naye alitunza wazee, ila yeye makaratasi yake ya kuruhusiwa kukaa nchini yalikuwa hayajajibiwa. Alipeleka maombi, akaambiwa angoje, akangoja. Ndani ya kungoja huko hakuweza kutoka nchini, kwani akitoka harudi. Mamake, Bi Zuwena, Barke alimwacha Mombasa akiwa mwanamke wa kupanda ngazi mbili mbili, na sasa alikuwa kikongwe wa kushikwa mkono kwenda msalani. Barke aliyaona yote hayo kwenye simu. Kila alfajiri akishaswali alimpigia, wakaongea mpaka basi lije. Mama hakuupenda ule mtindo wa kuonana kwenye kioo. Alikuwa akiishika simu sikioni, na Barke alikuwa akizungumza na sikio. Wakicheka wote wawili kwa hilo. Sauti ya mama ndiyo iliyobaki kuwa nyumbani kwao, na Barke alilisema hivyo bila haya.

Basi Jumatano moja ya Oktoba, Swabra anapiga pasi sare yake, simu ikalia. Alikuwa Imran, mdogo wake Barke.

"Dada Swabra, waonaje? Watoto hawajambo? Huko baridi ishaingia?"

Swabra akajibu hajambo, hawajambo, imeshaingia.

"Mama yuko hospitali, tumemleta jana. Presha tu, hajambo kidogo. Ila yuwamuulizia Barke. Asubuhi Barke kapiga, nimemwambia mama yuwalala, sikutaka kumtisha yuko peke yake. Sasa wewe ukipata nafasi, mwambie kidogo kidogo, halafu mtupigie, waongee."

"Ni mbaya, Imran?"

"La, si mbaya sana. Ya Mungu tu, dada."

Swabra alizima pasi akakaa kitandani. Si mbaya sana. Mara ngapi yeye mwenyewe aliyasema maneno hayo, kwa sauti hiyo hiyo, akijua kaburi limeshachimbwa? Lakini siku hiyo hakuyapima. Aliyachukua yalivyo, kama mtu mwingine yeyote anayetaka kuamini. Alijiambia kuna siku nzima. Alijiambia cha muhimu ni Barke asitishike.

Shida ilikuwa namna ya kumwendea. Akienda chumbani kwake bila kuitwa, asubuhi, Barke angejua kabla hajavuka kizingiti, na mshtuko ndio huo aliokuwa akiukimbia. Akakumbuka kwamba siku hiyo wote wawili hawakuwa na shifti, na walishaahidiana kutoka. Barke alikuwa amelisubiri tembezi hilo tangu masika. Vizuri, Swabra akawaza. Twende huko. Mahali patulivu, pa kukaa, pana chai. Nitamwambia huko.

Tembezi lenyewe lilitokana na Jean. Jean alikuwa ajuza aliyetunzwa na Barke, mwalimu wa zamani wa kuchora, mkali wa ulimi, asiyetaka kuoshwa na mtu mwingine. Juu ya kitanda chake alikuwa na picha iliyokatwa kwenye kalenda: mwanamke anaanika mashuka uani, upepo unayapuliza. Kila Barke alipomgeuza kitandani, Jean alimwambia kwamba hiyo ni karatasi tu, picha yenyewe iko hapa hapa London, katika nyumba ndogo ya makumbusho isiyojaa watu, na kwamba asife kabla hajaiona. Aliyekufa akawa Jean. Barke alibaki na deni la ahadi, na udadisi juu yake.

Walipanda treni Wembley Park. Barke alivaa buibui jipya na mtandio wa rangi ya machungwa, amejipaka wanja, anaongea bila kupumua. Ndani ya treni walipata kiti kimoja, akakaa Swabra, Barke akasimama ameshika nguzo. Swabra alifungua mdomo, akaufunga. Amesimama, akawaza. Kisha Barke akapata kiti, lakini pembeni yake alikuwa kijana anayetafuna mkate wenye harufu ya bakoni, na Swabra akaona si vizuri. Ukitaka kuchelewa, sababu hazikosekani.

Nyumba yenyewe ilikuwa kwenye mtaa wa nyumba nyeupe zenye milango myeusi, ambako hata magari yanapita kwa adabu. Tajiri mmoja wa zamani alikusanya picha zake humo, na alipokufa akauachia umma. Mlangoni msichana mmoja, jina lake Emma limebandikwa kifuani, akawaonyesha makabati ya kufungia mizigo.

"Tuweke na simu," alisema Swabra.

"Simu za nini? Nataka kupiga picha nimpelekee mama."

"Mwenzangu, siku moja tu tusiwe watumwa wa simu. Utapiga wakati wa kutoka."

Barke alicheka, akampa. Swabra aliziweka zote mbili ndani ya mkoba, akausukuma ndani kabisa, akafunga, akatia ufunguo mfukoni mwake. Alikuwa na sababu aliyoiona ni ya hekima. Kulikuwa na kundi la familia kwenye simu ya Barke, na humo kulikuwa na shangazi mmoja asiyejua kunyamaza. Mtu yule angeandika neno moja la kijinga, na Barke angelisoma amesimama katikati ya wageni. Swabra hangekubali. Alilihesabu jambo hilo kuwa ulinzi, na alitembea juu ya zulia la nyumba ile akijiona amefanya vyema.

Ndani palikuwa na kimya cha kuogopesha kukohoa. Vyumba vidogo, mwanga hafifu, mlinzi mzee akisinzia kwenye kiti. Picha zilikuwa za wale Wafaransa wa kale wanaoitwa Impressionist, waliochoka kuchora wafalme wakatoka nje kuchora maji na majani. Swabra hakuona cha maana. Alipokaribia aliona madoa ya rangi, kama jiko la mtu asiyefuta mchuzi unapomwagika.

"Rudi nyuma," Barke akamnong'oneza, akimvuta mkono. "Jean alisema usizikaribie. Rudi. Hapo. Sasa tazama."

Swabra akatazama. Madoa yakawa mto, na juu ya mto ukungu, na kwenye ukungu mtu ndani ya mashua. Kwa dakika nzima alisahau alichokuja kufanya.

Picha ya mashuka ilikuwa ghorofani, peke yake ukutani, mbele yake benchi. Ilikuwa ndogo kuliko walivyotarajia. Barke aliiendea, akarudi nyuma, akaiendea tena, kisha akaketi na machozi yakamtoka, lakini alikuwa akitabasamu.

"Jean hakusema uongo. Ile karatasi yake haina upepo. Tazama huu upepo, Swabra. Tazama mikono ya huyu mama ilivyo juu. Mamangu hivi hivi, akianika, kibanio kimoja kakishika kwa meno. Hata uso huuoni, lakini yuwaonekana anaimba."

Swabra aliketi karibu naye. Hapo ndipo. Mahali pa kukaa, hakuna watu, mkono wa kushika, moyo umeshalainika. Katika miaka yake yote hakuwahi kupata mahali pazuri kama hapo pa kumwambia mtu. Akasema, "Barke."

"Unajua nini," Barke akamkatiza, "leo ndiyo mara ya kwanza, tangu nije nchi hii, nimeamka sikuhesabu kitu. Wallahi. Sijahesabu siku za makaratasi, sijahesabu shifti. Nina raha, shoga yangu. Nipe nusu saa tu ya raha, kisha turudi kwenye dunia yetu."

Ulimi wa Swabra ukarudi ndani. Utamnyang'anya vipi mtu nusu saa? Angekuwa na ukatili gani? Hivyo ndivyo alivyojiuliza, na lilikuwa swali la upole na la woga pia, kwa sababu ukweli ni kwamba aliogopa. Huyu ndiye mtu pekee aliyekuwa akifurahi kumwona. Akishamwambia, Barke naye atakuwa mmoja wa wale wanaochungulia dirishani. Akampa nusu saa, na juu yake akaongeza nyingine. Walikaa pale bega kwa bega, Barke akimwonyesha hiki na kile, na kuna wakati aliweka kichwa juu ya bega la Swabra akafumba macho.

Chini ya jengo kulikuwa na mkahawa wa meza chache. Swabra aliagiza chai, keki na mikate ya jibini, zaidi ya walivyoweza kumaliza. Barke alikula vizuri. Swabra akamngoja ameze, akaifuta meza kwa kitambaa ingawa ilikuwa safi, kisha akamshika mkono.

"Barke mwenzangu, sisi binadamu tu wa Mungu..."

Barke aliweka kikombe mezani. Alimtazama usoni, akaangalia mkono ulioshikwa, akaangalia chai iliyomiminwa na keki iliyokatwa vipande. Alikuwa ameshamsindikiza Swabra kwenye nyumba kadhaa, akimbebea hamri.

"Nani?"

"Sikiliza kwanza. Yuwaumwa tu, yu hai, yuko hospitali. Presha. Kakuulizia, ataka muongee..."

"Simu yangu iko wapi?"

Walipanda ngazi mbio, mlinzi akawakemea kwa Kiingereza, hakuna aliyegeuka. Ufunguo ukamwanguka Swabra, Barke akauokota akafungua mwenyewe. Kioo cha simu kilijaa majina. Imran, Imran, shangazi, Imran, mke wa Imran, Imran tena. Barke akapiga, na simu ikapokelewa kabla haijalia. Swabra alisikia nyuma ya sauti ya Imran wanawake wakisoma Yasini, kama isomwavyo penye maiti, na hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Barke alikuwa amesimama. Amesimama wima mbele ya makabati, watalii wawili wakimpita kando na miavuli yao.

"Twakupigia, dada," Imran alikuwa akisema, analia. "Twakupigia hupokei. Tumemwekea simu sikioni, ikilia tu, ikilia tu. Yeye yuwasema, mwacheni, yuko kazini, atapiga akitoka. Kangoja. Kangoja sana. Kisha kachoka."

Simu ikashuka mkononi mwa Barke. Swabra akaichukua, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

"Imran! Mbona hukuniambia ni mbaya hivi? Ulisema si mbaya sana. Ulisema presha tu!"

"Nilikuwa nakuambia, dada Swabra," alisema Imran. "Nilikuwa nakuambia polepole. Nilidhani wewe utaelewa."

Emma akaja kuuliza kama wanahitaji msaada, akaleta kiti. Barke hakukikalia. Hakupiga kelele wala hakujiangusha. Alimtazama Swabra kwa utulivu, kama anayemtazama mtu aliyewahi kumjua zamani.

"Ulijua tangu saa ngapi?"

Swabra alikuwa na maneno mengi. Miaka yote hiyo alikuwa na maneno ya kila mtu. Angeweza kusema sasa hivi tu, nimesikia tukiwa njiani, na uongo huo ungekuwa mwepesi na ungekubalika.

"Asubuhi," akasema. "Kabla hatujatoka."

"Na simu ukaifungia wewe."

"Sikutaka usikie umesimama."

"Mamangu yu hai," Barke akasema, taratibu, "yuwaniita, mimi niko juu hapo natazama picha ya mama wa watu. Na wewe uko pembeni yangu, wajua. Kichwa changu kiko begani kwako, na wajua."

Swabra alitaka kumshika. Barke akajiondoa, si kwa nguvu, akavaa koti, akatoka peke yake kwenye mvua. Swabra alimfuata mpaka kona ya mtaa, halafu akaona mgongo ule haumtaki, akasimama. Alisimama hapo muda mrefu. Hakulia. Alijaribu kukumbuka watu wote aliowahi kuwaketisha na kuwanywesha chai, na kwa mara ya kwanza akajiuliza ni wangapi kati yao walikuwa na saa moja mkononi, naye akaila kwa kuwamiminia chai.

Bi Zuwena alizikwa kesho yake asubuhi. Barke hakuweza kwenda. Matanga yakawekwa katika kile chumba chake cha Wembley na ukumbini kwa mwenye nyumba, watu wakaja kutoka kila upande, viatu vikajaa mpaka kwenye lami. Swabra alikuja tangu alfajiri na masufuria. Barke hakumfukuza, wala hakuzungumza naye. Alimpisha jikoni kama anavyompisha mtu yeyote aliyekuja kusaidia, na Swabra aliona heri angetukanwa.

Jioni ya siku ya tatu wakaja Bi Pushpa na Njeri pamoja. Bi Pushpa alivua viatu, akaketi kwenye mkeka kwa shida, miguu yake haikuwa na nguvu tena, akamshika Barke mashavu kwa mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Bora ulikuwa na Swabra. Mimi yeye ndiye aliniambia, na mpaka leo namshukuru. Wewe pia alikuambia yeye?"

Vichwa viligeuka kumtazama Barke, kwa sababu wengi walikuwa wamejiuliza. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Swabra alikuwa ameinama juu ya sufuria, mwiko mkononi.

"Hapana, Bi Pushpa," Barke akajibu. "Mimi hakuna aliyeniambia."

Swabra alisikia. Wote walijua amesikia. Akajaza sahani, akaiweka pembeni, akajaza nyingine, kwa kuwa watu walikuwa wengi na bado hawajala.